Kozi ya Kokuberwa

Temeke, 2 Septemba 2024

Kaka Gozbert,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Mie mzima, ila kikohozi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatiana.

Mwanao Kokuberwa kaomba kusoma Kilatini na Kiyunani cha kale, nawe unamwambia ni lugha za wafu. Wafu gani, kaka? Waafrika wa kaskazini waliandika vitabu kwa Kilatini wakati Mwingereza hajui hata kushika kalamu. Leo unayaita mambo ya Wazungu! Watu wale walibishana kuhusu mtawala dhalimu, kuhusu kura, kuhusu nani ni raia. Nani anayahitaji mabishano hayo kuliko sie? Na huo uhasibu unaotaka asome: pita Manzese, uone wahasibu wanaouza makava ya simu.

Majibu ya vyuo yakitoka, mwache achague mwenyewe.

Mdogo wako,
Allen

Madale, 9 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sie wazima. Mama Koku anasema utafune tangawizi.

Barua yako kali kama makala zako za gazetini. Wewe uliyetoka seminari na Kilatini chako, uko wapi? Umepanga chumba, unagombana na kila mhariri. Ndiwe uliyemfundisha mtoto nyimbo za misa mpaka akataka maana ya kila neno.

Majibu yametoka. Vyuo vyote viwili, cha Kilatini na cha uhasibu, vimemchukua. Koku yuko Bukoba anamuuguza mama yetu, na namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja inaingia kwenye simu yangu, maana ndiyo tuliyoijaza kwenye fomu. Nimethibitisha uhasibu. Yeye nimemwambia kule kwingine wamemkataa. Watu kama sie tukikosea mara moja, basi. Usimwambie.

Kaka yako,
Gozbert

Temeke, 17 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Hali zenu nyote?

Nimekwenda ofisi ya udahili ya chuo cha Kilatini. Binti wa dirishani kasikiliza hotuba yangu yote, foleni nzima inacheka. Kisha akasema, “Mzee wangu, ongea na aliyethibitisha.” Wewe peke yako unaweza kufuta uthibitisho na kuchagua upya, mwisho Ijumaa.

Futa, kaka. Sikugombezi. Nakuomba.

Allen

Madale, 23 Septemba

Allen,

Marahaba. Kikohozi vipi?

Ijumaa niliishika simu, nikaiweka. Jumamosi Koku akanipigia: “Asante baba kwa kunihangaikia.” Nikakata simu. Nikaingia kwenye mtandao wao haraka. Wamefunga.

Gozbert

Temeke, 20 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri.

Koku kapita kwangu akienda chuoni. Kaniletea kahawa ya kutafuna kutoka kwa bibi yake, kakaa, kaniuliza: “Baba mdogo, mie nilikosea wapi mpaka wakanikataa?”

Nikamwambia hakukosea.

“Basi wamepata wanaojua zaidi.”

Nikafungua mdomo. Nikaona akijua leo, hatakuwa na chuo wala baba. Nikaufunga. Mie, kaka, ambaye sijawahi kukosa la kusema! Nikamwambia aombe tena mwakani. Akacheka, akanipigapiga begani kama mie ndiye niliyefiwa.

“Hapana, baba mdogo. Nimeshajua kimo changu.”

Mdogo wako,
Allen