Sheha na Sufuria Langu la Togwa

Yakhe Jabir, sheha kaja kwangu na polisi! Ati napika pombe!

Pombe! Kaliona lile sufuria la umeme nilotengeneza mwenyewe, na kile kikapu cha waya cha kimea ndani. Togwa tu ile, ya hitima ya marehemu mke wangu kesho.

Namwambia, "Onja, Mzee Sheha." Hataki. Kaimwaga yote uani, kuku wakaja wakanywa. Basi lijitu zima likachutama kuwatizama kama watalewa!

Hata mmoja hakupepesuka. Wakenda zao kuchakura.

Unajua kasemaje? "Kuku wako wameshazoea."

Wameshazoea! Na huyo ndiye tuliyepewa atuongoze!

Sufuria kalichukua, ati ushahidi. Kesho marehemu anasomewa, na watu nitawapa maji ya mfereji.