Birika la Mwalimu Kwenye Meza ya Vijidudu

Mmenitupa nyinyi mnaoniletea shida zenu. Tangu Idi ya kuchinja hamjanipigia hodi, na leo barua ni moja tu. Mjukuu wangu amenisomea mara mbili, maana mimi shule niliiona kwa nje. Isikieni.

Mpendwa Lalla Zhor, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, mimi ni mtafiti chuoni hapa Meknes, tunachunguza vijidudu vya homa ya mbuzi, na mwalimu wetu Bwana Abdelhaq ana miaka thelathini anachemsha chai ya mnanaa mlemle maabara, kando ya sampuli, nami siku yangu ya kwanza nilikuwa nalia kwa upweke akanimiminia glasi akasema, "Kunywa binti yangu, vijidudu havipendi sukari," tukacheka, na mpaka leo nikisikia harufu ya mnanaa namkumbuka yule msichana niliyekuwa, lakini kanuni mpya zinakataza kula na kunywa humo, na mwezi jana mwenzetu Hicham kashikwa na homa isiyojulikana, sasa mzee kanipa fomu ya ukaguzi wa Jumatatu niandike kwamba humo hatunywi kitu, ananiambia, "Tia sahihi tu, mwakani nastaafu," je, niandike uongo au nimvunjie heshima aliyenilea? Nezha.

Nezha, usitie sahihi.

Chai hiyo naijua, mwanangu. Marehemu mume wangu Bouchaib aliimimina kutoka juu mpaka povu lisimame, na watoto wa mtaa mzima tukiwa nao kibarazani. Jibini bichi la mbuzi la mama yake nalo tulilila kwa mapenzi hayohayo. Bouchaib alitoka jasho miezi saba kwa homa hiyo ya mbuzi, akainuka mgongo umepinda. Na chai yake alitia sukari vijiko vinne, kamwambie mwalimu wako.

Unanililia heshima, na Hicham je, hana mama? Leo hii mwambie mzee, "Chai yako naitaka, lakini uani." Fomu ijazwe ukweli: tulikunywa, tumeacha. Hicham apimwe damu, nawe, na mzee. Birika lile lisitoke humo kwenda kwa mtu. Wakabidhi wanaoteketeza taka zenu. Nunua jipya, liweke uani. Atanuna siku mbili, mnanaa utamleta.

Ukija kwangu, njoo naye. Makoti ya maabara yaacheni chuoni, naweni mikono bombani kabla hamjanibusu, kisha amimine yeye.