Kaske Juu ya Televizyo

Jumanne, nimetoka ku hopitali, nimerudi ku nyumba.

Fiston, uko mujinga! Ni mimi nilikuzaa, lakini uko mujinga.

Serkali yetu na inchi za inje wakapatana, ati barabara iwe salama. Wageni wakafundisha ninyi wa taximoto, wenye kubeba watu ku pikipiki, wakakupatia kaske mupya ya kulinda kichwa. Weye ukaifunga mu nailo, ukaiweka juu ya televizyo!

Nikakuuliza: "Televizyo ndiyo inaendesha moto?"

Ukacheka. "Mama, itachafuka. Nitaivaa siku wageni watarudia."

Leo kamyo, lori ya kubeba mbao, imekuangusha ku barabara ya Bangboka, kichwa wazi. Ile kamyo haina freni ya kuisimamisha, na hakuna polisi mwenye aliikamata. Wageni walipiga foto, bon, wakapanda ndege. Mashimo ya barabara yenyewe ingali pale.

Muganga anasema tungoje. Tungoje nini? Nikikutia maji mu kinywa, inatoka pembeni. Bibi yako mwenye ulimuoa analia, nikamugombeza, kisha nikatoka inje na mimi nikali...

Sina tena nguvu ya kuzika mutoto.

Kesho asubui nitaleta maji ya muchele. Utameza, Fiston. Unasikia? Utameza.