Gambuti za Kuzuia Stima

Mama Nekesa, mulembe kutoka mtaa wa Gatwekera! Mvua hapa hainyamazi. Dada yako Nafula amenionya nisiguse ukuta wa mabati bila viatu vya mpira, maana nyaya za sambaza, zile za stima ya wizi, zimepita juu yake na stima huvuja. Juzi jirani alirushwa akianika nguo.

Sasa fikiria leo, kliniki huko Kawangware, binti wa mazoezi ya viungo ananiambia, "Mzee, kwanza tunakupitishia stima kidogo kichwani, halafu unaendesha baiskeli. Tunataka kupunguza huo uchovu wa MS, huo ugonjwa wako wa neva." Mimi huyo, jasho! Nikakataa kuvua gambuti.

"Kwani hizo ni za nini? Hapa hakuna matope."

"Ni za stima, daktari."

Alicheka hadi akaketi. "Hii ni ya betri, mzee. Haiwezi hata kuchemsha chai."

Akaniacha nazo. Kichwa kikawasha kama kinatembewa na siafu, nami nikakanyaga baiskeli isiyokwenda popote, kwa gambuti pinki za dada yako. Ungeniona ungeomba talaka. Nilipomuuliza kama nitapona uchovu, aliacha kucheka. "Wengine husikia afadhali, wengine hapana. Tutaona."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Shoti naweza kuivalia gambuti. Lakini kurudi kwako na mwili uleule, unaoomba kulala kabla chai ya saa nne haijapoa, hilo halina gambuti. Kesho nakwenda tena. Niombee, mpenzi, na yule kuku mnono usimpe mchungaji.

Baba Nekesa wako