Barua ya Nane

Jumatatu, 3 Juni 1996
Kompyuta zimeletwa masjala. Mbili! Meza yangu imesogezwa dirishani, sasa vumbi lote ni langu. Ritha mpiga chapa anasema zimekuja kututoa kazini. Nikamwambia angalau hazitatumalizia sukari ya chai. Alicheka, mimi sikucheka.

Habari za kupunguzwa watu bado zinasemwa. Nyumba hii ya Makole ni ya serikali — kazi ikiisha, nayo naiacha. Nalijua hilo. Ila sisikii kitu. Ganzi tu.

Jumatano, 5 Juni
Kompyuta moja imegoma kuwaka. Fundi Cornel kaifungua. Ndani kuna bodi kubwa ya kijani, vijistari vya shaba kama vijia vya mbuzi. Mazabodi, anaiita. Kasema prosesa ndiyo inayokokotoa, diski ni kabati, memori ni meza ya kazi. Lakini hakuna kinachomfikia mwenzake bila kupita kwenye bodi. Kuna vidude vyeusi vinapanga nani apite, nani angoje. Na kingine kinapiga mapigo kama saa, wote wanafuata.

Nikasema, basi hiyo ni masjala! Miaka kumi na minne, hakuna faili lililotoka kwa bosi kwenda kwa mhasibu bila kupita kwangu. Kasema dada Aneth nimeelewa kuliko maofisa.

Nikamuuliza, bodi ikifa je? Vingine vinabaki vizima, akasema, ila hakuna kinachofika.

Nilipaswa kufurahi. Nimepika mlenda, sikuusikia ladha.

Alhamisi, 6 Juni
Upepo. Baridi. Basi.

Ijumaa, 7 Juni
Bahasha nane kutoka makao makuu, zote mhuri wa SIRI. Nikaandika majina kwenye dispachi, daftari la kusainia barua. Ritha wa tatu. Wa nane — mimi.

Nikazigawa saba. Ritha alisaini, akauliza kama na yangu ipo. Ipo, nikasema. Akanishika bega. Nilimwona akinishika, sikumsikia.

Utaratibu naujua, nimewafundisha wengi: barua haijamfikia mtu mpaka asaini dispachi. Mstari wa nane bado mweupe.

Cornel karudishia kompyuta kifuniko. Imewaka!

Mzee Ebenezer, bosi wetu, kachungulia. Shikamoo mzee. Marahaba. Dispachi imekamilika?

Bado, nikasema.

Kasema anaingoja ofisini kwake. Naandika haya hapa hapa mezani, kwa kalamu ya ofisi. Bahasha iko chini ya kiwiko. Mlango wake kauacha wazi, namsikia anakohoa.