Kamera Isiyovuta

Tata, shikamoo.

Najua marehemu hasalimiwi akaitikia, lakini wewe baba yangu ulinilea nisianze neno na mkubwa bila shikamoo, na namna nyingine siijui. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko la Mama, Jumamosi, saa nane mchana. Kutoka hapa nauona msalaba wako. Nyuma yake naiona milamula, ile miti tuliyopandiwa kuonyesha mpaka, na hiyo milamula ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Ila kwanza habari za kamera, maana najua ungeuliza hizo kabla ya kuuliza kama tumekula.

Ile yako ilikufa wiki tatu baada yako. Lenzi ilitoka nje, ikakoroma, ikakataa kurudi ndani. Mama akasema imekufuata. Nikamwambia vumbi la barabara ya Nyakatuntu ndilo limeingia, aache mambo hayo. Lakini niliililia, Tata, usinicheke. Niliililia kuliko nilivyokulilia wewe kaburini, kwa sababu kaburini watu walikuwa wananitazama.

Utauliza, na simu je? Wewe ndiye uliyekuwa ukisema simu ni ya kupokelea habari mbaya. Siku uliyotuacha nilikuwa Nyakatuntu nimefuata maharage yangu, nimeinyanyua simu nipige picha ya ukungu unavyopanda kutoka mtoni, ikalia mkononi. Alikuwa Mama. Tangu hapo sijapiga nayo picha hata moja.

Basi nikaenda Kayanga kwa Ma Koku, yule mama wa Muleba mwenye duka la redio na tochi, mliyekuwa mnabishana naye juu ya betri mpaka chai inapoa. Akanipangia kamera tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya kuning'iniza shingoni. Hiyo hata sikuigusa, nilikusikia kabisa: "Kamera kubwa inafika kabla yako. Ukifika, watu wameshajipanga na wameshaficha walichokuwa wanafanya." Mbili zilizobaki zote zinaingia mfukoni. Moja inavuta mara thelathini. Ukisimama hapa kwetu Ihembe unahesabu mbuzi wa kilima cha pili. Nyingine haivuti kabisa. Ina lenzi moja, fupi, imetulia. Ma Koku akasema hiyo ndiyo ungeichagua wewe: kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga ni kikubwa, inaona hata jikoni penye moshi bila flashi, ina kitundu cha kuchungulia jua linapokuwa kali, na mfuniko wa lenzi unajifunga wenyewe vumbi lisiingie.

Hilo tulishaligombania, mimi na wewe. Wiki yako ya mwisho kitandani, badala ya kusema maneno ya maana, tuligombania lenzi! Mimi nikasema mtu anayesafiri anahitaji kuvuta, kuna ndege, kuna milima ya Rwanda ng'ambo ya mto, kuna watu wasiotaka kusogelewa. Wewe ukasema, na pumzi ilikuwa haikutoshi, "Ukitaka kukaribia, tembea." Nikakujibu hayo ni mambo ya kizamani. Ukageukia ukutani. Kwa kweli hatukuzungumza tena baada ya hapo.

Nikanunua inayovuta. Kwa ubishi tu, Tata. Nikubishie hata ukiwa chini ya udongo.

Sasa sikiliza nilivyokuaibisha. Jumapili ya kwanza nikitoka misani nilisimama kule juu barabarani, penye mibuni, nikavuta. Nilitaka picha ya kaburi nimpelekee shangazi aliyeko Mwanza. Nikaitazama kwenye kioo chake. Milamula ilikuwa imekuja. Majani yake yalikuwa yanaugusa msalaba wako, wakati siku ya mazishi waliobeba jeneza walipita nyuma ya shimo wawili wawili na nafasi ikabaki.

Na ng'ambo ya mpaka ni kwa nani? Kwa mdogo wako, Baba mdogo Respisi. Ndiye aliyesimama siku ya kumaliza matanga akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mjane atakaa, hakuna wa kumwondoa, ila mimi Jovitha ni mtoto wa kike, na kibanja, yaani shamba hili na nyumba yake, ni cha ukoo. Watu wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa naiangalia mikono yake.

Kwa hiyo nikakimbia na picha. Hata sikushuka kaburini nikaone kwa macho yangu, hatua chache tu kushuka, loo! Nikawakusanya wazee wa ukoo, nikasimama mbele yao, nikasema Baba mdogo anahamisha mpaka. Mzee Laureani, aliyepanda milamula ile pamoja na babu, akaiangalia picha, akainuka na fimbo yake, akateremka kaburini, na wote nyuma yake. Akaweka kisigino kwenye msalaba akaanza kutembea. Watu wakahesabu hatua kwa sauti. Ilipofika tisa akaushika mlamula wa katikati, ule wenye shingo iliyopinda. Tisa, Tata, na yule mzee ana miguu mirefu kama unavyomjua. Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alisema tu, "Kamera inavuta, mwanangu. Si kosa lako."

Na alisema kweli. Ukivuta kutoka mbali, kilicho nyuma kinasogea mbele, vitu vinabanana. Ulinifundisha hilo nikiwa darasa la tano, kwa chupa mbili za soda pale uani. Mtoto wa mpiga picha, nikasahau somo la chupa mbili za soda!

Wakanitoza faini ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu kikubwa. Nikaimimina mwenyewe, nikapiga magoti mbele ya Baba mdogo, nikampa kikombe cha kwanza. Akanywa taratibu huku ananitazama. Mtu aliyesingiziwa hukasirika. Yeye alikuwa anafikiri.

Kesho yake nikarudi Kayanga. Ma Koku akanibadilishia, akasema "Nilikwambia" mara tatu, akanipa na kimfuko cha ngozi. Basi sasa ninayo ile uliyoitaka. Ni ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, nakaa nayo mfukoni hata nikipalilia. Ungeipenda. Nimempiga Mama picha anamenya ndizi, hakujua, amependeza na amezeeka. Nimewapiga wale wamama wa mnada wa Kihanga wanaogombania kivuli. Haivuti, kwa hiyo imenilazimu kuwasogelea watu, kuwasalimia, kuulizwa habari za marehemu. Nusu ya picha zangu sasa zina mtu anayenipa pole.

Na kila Jumapili napiga moja hapa hapa kizingitini. Kisigino changu kwenye jiwe la Mama la kunolea panga, bega kwenye mwimo wa mlango, msalaba katikati. Nilianza ili nijifundishe adabu. Sikuwa natafuta kitu.

Wiki mbili baada ya ile rubisi, Baba mdogo akaanza kutuletea nyasi. Mizigo kwa mizigo, anatandaza mwenyewe migombani, anakataa hata maji ya kunywa. Majirani wakasema mjane amepata mtu wa kumsaidia. Padri akamsifu kanisani! Nyasi zilianzia mpakani, zikawa zinakuja upande wako. Siku moja nikafunua. Udongo wa chini ulikuwa mlaini, mbichi, unanuka kuchimbwa. Nikazirudisha nyasi kama zilivyokuwa, nikajifanya natafuta yai la kuku.

Ndipo nikazitoa picha zangu za Jumapili nikazipanga mezani. Mwanzo nikahesabu migomba kati yako na mpaka, ilikuwa mitano, sasa mitatu. Nikataka kupiga kelele, nikakukumbuka: mgomba unatembea, mama anakatwa na mtoto anachipua pembeni. Nikaiacha migomba. Nikautazama mlamula ule wenye shingo iliyopinda. Kwenye picha ya kwanza umefichwa wote na mkono wa msalaba wako. Kwenye ya nne unachungulia juu yake. Kwenye ya saba umeupita kichwa kizima. Hakuna mlamula unaorefuka hivyo kwa wiki saba. Lakini mlamula unang'oka, na ukiuchomeka mahali pengine, karibu zaidi, hata haunyauki. Na mara hii sikuvuta, Tata. Nilisimama pale pale, na lenzi ile ile.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mara ya kwanza alikuwa hana hatia, mimi ndiye niliyemfundisha. Niliwaonyesha wazee kwamba nasema uongo, nikamfungulia mlango, nikamwambia karibu. Nani ataniamini tena? Mzee mmoja alishaniambia njiani, anacheka, "Jovitha, picha hatutaki tena." Nimeuweka mpaka wako mikononi mwake kwa ubishi wangu, na nyumba ya Mama iko hatua ishirini tu kutoka kwako. Ukishaingia kwake wewe, Mama ndiye anayefuata. Silali vizuri.

Kamera yenyewe Baba mdogo haijui. Siku moja aliiona mkononi mwangu akauliza, "Hicho nacho ni nini, redio?" Nikasema ndiyo, ya habari. Akacheka. Nikadhani nimemweza.

Jumapili iliyopita nilipiga kama kawaida, huku naimba wimbo wa misa. Sikusikia hata jani. Baada ya kula nikaikuza picha kwenye kioo chake, niangalie shingo ya mlamula. Kati ya migomba miwili kuna buti la mpira, jeusi. Kisha la pili. Juu kidogo kuna mkono umeshika panga, panga linaangalia chini, limetulia. Baba mdogo alikuwa amesimama pale muda wote naimba. Hakuwa anaangalia mpaka. Alikuwa ananiangalia mimi.

Sikumwambia Mama. Lakini Mama ana macho yake, siku hizi anatia komeo mlango wa uani hata mchana kweupe. Jana ameniambia, "Nyamaza mwanangu, tutaishi na tulichoachiwa." Hakutaka kunitazama alipokuwa anasema.

Na asubuhi ya leo, nilipokuja kukufagilia, nimekuta kipande cha mlamula kimeegemezwa kwenye msalaba wako. Kimekatwa vizuri, majani yamepunguzwa kama tunavyofanya kinapokuwa tayari kupandwa. Hakuna shimo. Kimewekwa tu, nikione. Nimekaa nacho magotini mpaka jua likapanda. Halafu nikainuka, nikaweka kisigino msalabani, nikatembea. Miguu yangu ni mifupi, unaijua. Nimefika mpakani kwa hatua sita.

Sita, Tata! Hapo ndipo nilipokumbuka kicheko chao. Siku niliyoaibika, watu wote wa ukoo walihesabu tisa kwa vinywa vyao wenyewe, Baba mdogo akiwepo, na kila anayesimulia aibu yangu vilabuni huisimulia na hiyo tisa yake. Picha zangu wanaweza kuzikataa. Tisa ni yao.

Tatizo ni Mzee Laureani. Tangu wiki iliyopita hainuki, kifua kimembana, na anayempelekea maziwa kila asubuhi ni Baba mdogo. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba siwezi kuiacha Jumapili hii ipite. Leo nimekwenda kumwona, nimemnong'oneza yote sikioni. Amenishika kidole, amekibana mara tisa. Wajukuu zake wamekubali kumbeba kwa machela.

Kesho ni Jumapili. Watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa, nitawaomba waje wote, wale wale waliocheka. Mzee Laureani tutamweka karibu na msalaba wako, na mwenye miguu mirefu kuliko wote atatembea kwa niaba yake. Sitaonyesha picha yoyote kwanza. Nitaomba wahesabu tu.

Naogopa, Tata. Nakwambia wewe kwa sababu huwezi kumwambia Mama. Nikiinua macho sasa hivi naona majani ya migomba yanacheza, na upepo hakuna. Kamera iko mfukoni, nimeishika kwa dole gumba kwenye kitufe, kama ulivyonifundisha, bila kuangalia.

Pumzika, mzazi wangu. Unisamehe ule ubishi wa kitandani. Ningeweza kuurudisha nyuma ningekuambia ndiyo, tembea, ndiyo. Nakuahidi Mama hatahama nyumba hii nikiwa hai, na wewe hutalala kwenye shamba la mtu. Ninaanzia hapo ulipo, kwa miguu. Na hesabu ikiishia kabla ya tisa, watu wakanyamaza, mlamula sitaupiga picha. Nitageuka nimsogelee Baba mdogo mpaka nimfikie, nipige picha ya uso wake.

Mwanao mbishi,
Jovitha