Darasa Nililolifunga Mbuchi

Bi Hadija, mwalimu wangu,

Sikuwahi maziko yako. Boti ilikwama kwenye matope, tukangoja maji yajae, na nilipofika Kibiti nikaambiwa umeshapelekwa kwenu Mtawanya. Nilipofika Mtawanya, watu walikuwa wananawa udongo mikononi. Sikukuaga. Nakuaga leo, ila kwanza nikwambie nililofanya, na ukishalisikia sijui kama utataka kuagwa na mtu kama mimi.

Nilifunga darasa.

Unajua mimi nilikuwa mpika uji tu. Cheti cha chekechea kilikuwa chako. Siku tulipoingia lile ghala la ushirika mlikuwa na popo na magunia yaliyooza. Tangu wanunuzi wa kambamiti waanze kuja wenyewe hadi ufukweni, halikuwa na kazi. Ulipomwomba mwenyekiti alicheka, akasema, "Siku hizi kila kitu ruksa, mwalimu. Chukua." Tulifagia siku nne. Ukatenga kona ya mchanga, kona ya kupikapika, kona ya hadithi. Nguo za mitumba zisizovalika ukazishona midoli. Kisha ukachora kalenda ukutani kwa mkaa, nami nikakuuliza mbona haina Januari wala Februari.

"Mtoto wa Mbuchi hajui Februari," ulisema. "Anajua mama yuko wapi."

Basi ukachora mama anapanda mpunga, mama na mafuriko, mama anawinga ndege wasile mpunga, mama anavuna. Chini ya kila picha ukaandika kazi ya watoto. Wakati wa kupanda, kila mtoto na mpunga wake kwenye kopo. Wakati wa mafuriko, vifuu vya nazi kwenye beseni, wajue kipi kinaelea na kipi kinazama. Somo la vifuu ndilo lako la mwisho. Wiki ile ile ukashikwa na homa, ukapelekwa Kibiti.

Niliporudi kutoka Mtawanya nilitia kufuli. Kina mama walikuja kuuliza, nikawaambia wangoje arobaini ipite. Ulikuwa uongo. Niliogopa kuingia nikaiona kanga yako msumarini.

Bi Hadija, Tatu amekufa maji. Tatu wa Bi Zena, yule aliyekuwa akikushika pindo la nguo kila unapokwenda. Mama yake alivuka mto kwenda palizi, akamwachia bibi yake ambaye macho hayaoni vizuri. Mtoto akachukua kifuu, akateremka mtoni. Walimkuta adhuhuri kwenye mikoko. Kifuu kilikuwa kinaelea pembeni yake.

Nilikukasirikia. Nimeliandika hilo na silifuti. Nilisema, mwalimu gani anawafundisha watoto kucheza na maji halafu anakufa? Nilikaa na hasira hiyo siku mbili, mpaka nikakumbuka ulivyoinama katikati yao siku ile na kusema, "Maji ni ya kwenda na mkubwa." Uliwafanya warudie mara tatu, nami nikiwa nakuchotea maji. Sasa mkubwa alikuwa wapi? Mkubwa nilikuwa mimi. Nilikuwa kitandani, nimejifunika gubigubi, na ufunguo wa ghala chini ya mto.

Sikula. Watu walisema ni amri ya Mungu, na ni kweli, lakini ufunguo nilikuwa nao mimi.

Siku ya saba Bi Zena alikuja kwangu amempakata Athumani, mdogo wake Tatu. Nikaanguka miguuni pake. Akasema, "Inuka. Miye sina hata nguvu ya kukulaumu. Mpunga unaliwa na nguruwe, na huyu nimwache na nani? Fungua."

"Bi Zena, mimi si mwalimu."

"Basi hata miye si mama. Fungua tu."

Nikafungua. Walikuja kumi na tisa. Waliingia mbio wakaenda kona ya hadithi wakakaa, wanakungoja. Nikawaambia hutakuja. Wakalia, na Saidi akasimama dirishani akakuita kwa jina, akaita, akaita, nami nikachukua mwiko wa uji nikampiga. Wewe hukuwahi kumpiga mtoto. Wote wakanitazama kama mgeni. 

Asubuhi iliyofuata nilichukua kitambaa kibichi ili nifute picha ya mafuriko. Bi Zena alikuwa amemleta Athumani, akanishika mkono. "Usifute. Hawa wanaishi majini. Wafundishe." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Basi leo nitafundisha miye."

Akawapanga mstari akawapeleka mtoni. Maji yalikuwa bado juu. Akachomeka mti, akaufunga kitambaa chekundu, akasema, "Tatu alipita hapa. Nyie mwisho wenu hapa. Semeni." Wakasema. "Bila mkubwa, mwisho wenu hapa. Semeni tena." Hakulia. Tuliporudi alikaa kwenye kona ya mchanga, miguu ameinyoosha, na hakuweza kuinuka mpaka adhana ya alasiri. Watoto walimwaga mchanga miguuni pake, taratibu, mpaka vidole vikafunikwa. Sikuwakataza.

Sasa ni wakati wa ndege. Kina mama wamehamia mashambani, wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti vya kulindia mpunga, na watoto wamekwenda nao. Ghalani wamebaki saba. Mnunuzi mmoja wa kamba amekuja kulitazama ghala, akapima mlango kwa hatua, na mwenyekiti ananiambia, "Darasa bila watoto ni ghala, Mwajuma." Kwenye picha ya ndege hukuandika kazi, uliandika tu, "Mengine tutayapanga." Na nani, Bi Hadija? Nimekaa mbele ya maneno hayo zaidi kuliko ninavyokaa mbele ya msahafu. Sina la kupanga. Nimewafinyangisha ndege wa udongo, tukawahesabu, ikaisha saa moja ya siku nzima.

Wiki hii nimeanza kuvuka kuwafuata huko huko mashambani, nikiwabeba wale saba kwenye mtumbwi. Tunakaa kivulini chini ya dungu, wanapiga makopo na kuimba, ndege wakiruka nawauliza wamekwenda upande gani, wengi au wachache. Kama hilo ni somo, sijui. Saidi bado hukunja bega nikiinua mkono, hata ninapoinua kumfuta kamasi. Mwenyekiti amesema atakuja kuhesabu watoto, nami nimemwambia aje na mtumbwi. Huenda ghala litakwenda. Silali vizuri. Sina wa kumuuliza.

Nenda, mwalimu wangu. Mungu akupe mahali penye kivuli na watoto wengi, na kama Tatu yuko hapo karibu, mpe pindo la nguo yako alishike. Mimi nakuahidi jambo moja tu, kwa kuwa mengine sina hakika nayo. Kuwe na ghala au kusiwe na ghala, sitatia kufuli tena. Nikifiwa, na nitafiwa, nitalia watoto wakiwa mbele yangu.

Mwajuma